Dohani ndefu ilimwokoa nani?

Siku ya baridi, itazame vizuri dohani ya kiwanda. Mara nyingi hapo juu tu ya mdomo wake huoni kitu. Kidogo mbele linaanza wingu jeupe, linajikunja, linasukumwa na upepo, kisha linayeyuka lote. Huo ni mvuke wa maji uliopoa, na ndio tunaoupiga picha kama ushahidi wa uchafuzi. Gesi ya salfa na hewa ya ukaa hazina rangi, na vumbi linalofika ndani kabisa ya mapafu ni laini mno kwa jicho. Nimeanzia hapo kwa sababu katika suala hili macho yametudanganya kwa muda mrefu: moshi ukipelekwa juu, tunadhani umekwisha.

Hata hivyo, waliojenga dohani ndefu hawakuwa wajinga. Moshi wa moto hupanda, na ukitolewa juu sana huchanganyika na hewa nyingi kabla ya kushuka. Ukitolewa chini, siku ambayo hewa baridi imelala ardhini na ya joto imeifunika, hauna pa kwenda. Desemba 1952 London ilifunikwa namna hiyo kwa siku tano. Vifo vilikadiriwa kuwa 4,000, na hesabu za baadaye zikafika 12,000. Sehemu kubwa ya moshi ule ilitoka kwenye mioto ya makaa ya mawe majumbani, usawa wa pua za watu. Sheria ya Hewa Safi ya 1956 ilibana moshi mweusi na kuzipa mamlaka za miji uwezo wa kukataa dohani fupi mno. Kwa mtoto aliyekulia jirani na tanuri, urefu ule ulikuwa nafuu ya kweli, na sioni haki kuubeza.

Lakini salfa ilisafiri. Mwishoni mwa miaka ya 1960, mwanasayansi wa Sweden, Svante Odén, alionyesha kwamba mvua ya tindikali, yaani mvua iliyochachushwa na gesi kama hiyo ya salfa, iliyokuwa ikinyesha kwao ilibeba uchafu kutoka nchi nyingine za Ulaya. Samaki walitoweka katika maziwa ya Skandinavia yasiyo na kiwanda karibu. Wavuvi wa kule ndio waliolipa gharama ya hewa safi ya watu wasiowajua.

Hakuna mahali panapoonyesha pande zote mbili kama Sudbury, mji wa migodi ya nikeli nchini Kanada. Zamani mawe ya madini yalichomwa hadharani juu ya marundo ya kuni. Moshi ulitambaa ardhini, miti ikafa, udongo ukachukuliwa na mvua, na miamba iliyobaki wazi ikawa myeusi. Mwaka 1972 ikaanza kazi dohani ya mita 381. Hewa ya mji ikawa bora, lakini gesi ya salfa iliyokuwa bado inatoka ikatawanywa mbali zaidi. Vilima navyo havikupona kwa sababu ya urefu wa dohani peke yake. Kuanzia 1978 watu walipanda miambani na mifuko ya chokaa, wakainyunyiza kwa mkono kupunguza tindikali ya udongo, wakamwaga mbegu za nyasi, kisha wakapanda miche. Hadi leo miti zaidi ya milioni 10 imepandwa. Na hewa ilipona hasa pale kiwanda kilipolazimika kunasa salfa kabla haijatoka. Dohani ile kubwa ilizimwa 2020, ikaachia kazi dohani fupi kuliko yenyewe.

Kwangu mimi hapo ndipo hoja inapokatika. Mitambo ya kuosha gesi kwa maji ya chokaa ipo, na salfa inayonaswa hugeuka jasi ya kutengenezea paneli za ukuta. Inagharimu fedha na umeme, kweli. Ila dohani ndefu nayo ina gharama, tofauti ni kwamba bili yake inatumwa kwa mtu mwingine.

Upande wa tabianchi, urefu hausaidii hata chembe. Hewa ya ukaa ikitolewa mita 20 au mita 400 kutoka ardhini, joto ni lile lile. Kuna jambo gumu zaidi: chembe za salfa huakisi mwanga wa jua na hupoza dunia kidogo, kwa hiyo tunapoziondoa, sehemu ya joto lililokuwa limefichwa hujitokeza. Wapo wanaoona hiyo ni sababu ya kutoharakisha. Siwezi kukubaliana nao, maana chembe hizo hizo zinaua watu.

Kazi ngumu imebaki kwenye saruji. Hata tanuri likiwashwa kwa nishati safi kabisa, mawe ya chokaa yenyewe yakichomwa hutoa hewa ya ukaa, na huko ndiko inakotoka zaidi ya nusu ya ukaa wa kiwanda. Brevik, Norway, kiwanda cha saruji kilizindua mwaka 2025 mtambo wa kunasa tani 400,000 za hewa ya ukaa kwa mwaka, takriban nusu ya ile kinachoitoa, ili zikazikwe chini ya bahari. Nusu nyingine bado inapita kwenye dohani.