Mwalimu, ulimi wake uko wapi?

Swali hilo niliulizwa na mwanafunzi wa kidato cha tano hapa Entebbe, siku tulipofungua kinywa cha chura aliyenaswa kwenye bwawa la samaki. Alikuwa na haki ya kushangaa. Kitabu chake kinasema chura hukamata wadudu kwa ulimi unaonata, basi. Huyu hakuwa na ulimi kabisa.

Ni Xenopus, yule mwenye ngozi telezi na kucha nyeusi kwenye vidole vitatu vya kila mguu wa nyuma. Maisha yake ni majini, na huko ulimi wa kunata hauna kazi kubwa. Yeye hupanua koo ghafla, maji yakaingia kwa kasi yakiwa yamembeba mdudu. Windo likiwa kubwa, hulisukumia kinywani kwa mikono. Mababu zake wa mbali walikuwa na ulimi. Nasaba yake ikaupoteza.

Walimu wenzangu, hili tuliseme wazi darasani: mageuko hupunguza pia, na kilichopungua si udhaifu. Yule chura wa vipele tunayempasua maabara kila mwaka hana jino hata moja, juu wala chini, ilhali vyura wengi wana vijino kwenye taya la juu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba vyura wamepoteza meno zaidi ya mara 20, katika nasaba mbalimbali. Mwenye meno halisi kwenye taya la chini ni mmoja tu, Gastrotheca guentheri wa Amerika Kusini, na nasaba yake iliyarudisha baada ya miaka zaidi ya milioni 200!

Anayenivutia kuliko wote ni Hemisus, mwenye pua iliyochongoka, anayechimba udongo kwa kichwa akifuata mchwa. Ulimi wake haurushwi kama kombeo. Misuli hujibana, ulimi ukarefuka polepole, kama puto la maji ukilikamua katikati, na ncha yake humshika mchwa. Kwenye vijia vyembamba vya ardhini, ulimi wa kurusha ungepata nafasi wapi?

Tukimpasua chura, tunakimbilia moyo na utumbo, kinywa tunakiruka. Muhula ujao darasa langu litaanzia kinywani. Na kabla ya kisu chochote, tutakaa jioni moja kando ya kichuguu mvua ikishakatika, tutazame nani anakula kumbikumbi, na anamlaje.