Mwili Unakumbuka Barabara Nyingine

Kati ya mwaka 2003 na 2009 nilikuwa afisa ugani Makete, na kila kijiji nilichohudumia nilifika kwa pikipiki ya mradi, Honda XL 125. Walioijua Makete ya miaka ile wanakumbuka masika yake. Udongo unajaa kwenye madigadi mpaka tairi la mbele linagoma kuzunguka. Unashuka, unatafuta kijiti, unachokoa, unapanda tena, na mbele kidogo unashuka tena. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na ushee, sikuona kama ni taabu. Wakulima walinisikia kwa mlio wa injini kabla hawajaniona, na viazi vya kuchemsha na chai vilikuwa mezani nikizima.

Halafu nikahamia Dar es Salaam, nikakaa kwenye dawati, nikalea. Miaka 15 sikugusa pikipiki. Mwaka huu, mtoto wa mwisho alipomaliza chuo, nikanunua XL iliyotumika. Septemba nataka kuipeleka Makete, zaidi ya kilomita 800 kutoka hapa. Barabara ya Njombe kwenda Makete, kilomita 107 nilizozijua kwa matope, sasa ni lami. Nimeshaipita mara moja kwa basi, nikiwa nimebandika uso kwenye kioo kama mtoto. Nataka niipite nikiwa nimeshika usukani.

Naandika haya kwa ajili ya wenzangu wanaorudi kwenye pikipiki. Tuko wengi: watoto wamekua, kafedha kamepatikana, na kile kitu tulichokipenda ujanani kinaita. Wengi wetu tunaandaa pikipiki vizuri sana na kujisahau wenyewe. Tunajifariji kwamba ukishaijua pikipiki hutaisahau. Mimi pia nilijiambia hivyo, mpaka siku ya Mapinga.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, wiki ya pili tangu niinunue, napita Mapinga kuelekea Bagamoyo. Mbele yangu kulikuwa na Noah, imetulia kwenye mwendo wake. Ghafla ikakata kushoto kumfuata abiria, mkia wake ukabaki barabarani. Kabla sijafikiri lolote, mguu wangu wa kulia ulikuwa umeshakandamiza breki ya nyuma mpaka mwisho. Tairi likafunga, likaanza kuburuzika, mkia wa pikipiki ukaenda kulia kisha kushoto. Nilisimama nikiwa na nafasi ya mkono mmoja kati ya tairi langu na bampa lake. Nilipotulia nikatazama mkono wangu wa kulia. Vidole vinne vilikuwa bado vimezunguka mpini wa mafuta. Breki ya mbele haikuwa imeguswa kabisa.

Nililala siku hiyo nikiwaza vidole vile, na jibu nililipata usiku. Miaka sita ya matope ilinifundisha kwamba ukigusa breki ya mbele kwenye utelezi, umeanguka. Mkono ulijifunza kukaa mbali nayo, na ulijifunza vizuri. Lakini kwenye lami kavu mambo yanageuka. Ukifunga breki, uzito mwingi unahamia mbele, tairi la mbele linashika zaidi na la nyuma linakuwa jepesi, kwa hiyo sehemu kubwa ya kusimama inafanywa na breki ile ile ambayo mkono wangu unaikwepa. Mwili wangu haukusahau kitu. Unakumbuka, ila unakumbuka barabara nyingine, na barabara hiyo haipo tena hata kule Makete kwenyewe.

Tangu siku hiyo mpango wangu wa safari umebadilika. Kila Jumapili saa 12 asubuhi naenda kwenye kipande cha barabara mpya jirani na kwetu ambacho magari hayajaanza kukizoea. Naweka matofali matatu pembeni. Nakuja kwa kilomita 40 kwa saa, nikifika tofali la kwanza nashika breki zote mbili, ya mbele naibana taratibu kama anayekamua chungwa, nikiongeza nguvu kadiri pikipiki inavyoinama. Narudia mara 20. Siku ya kwanza nilikuwa nasimama mbali kupita tofali la tatu. Sasa nasimama kabla ya la pili, na nimepanda hadi 60. Mtu akikwambia umri wako haufundishiki, mpeleke akaone matofali yangu.

Jambo la pili ninalofanyia mazoezi ni macho. Pikipiki inafuata unakotazama. Ukilikodolea shimo, unaingia shimoni. Ukilikodolea lori linalokuja, unasogea kwake bila kujua. Kwenye kona natazama mwisho wa kona, kule ninakotaka kutokea, na nalazimisha kidevu kigeuke. Ni jambo dogo kusema. Kulifanya huku semi ya Zambia inakuja upande wa pili ni kazi nyingine kabisa.

Kuhusu kofia ngumu nina neno moja kali. Nunua kofia kabla ya pikipiki, na kama fedha haitoshi vyote viwili, subiri pikipiki. Ya kwanza niliyouziwa niliifungua kitambaa cha ndani nyumbani, nikakuta plastiki tupu na kisponji laini cha godoro. Ile foamu ngumu nyeupe inayopasuka ili fuvu lisipasuke haikuwepo. Nje ilikuwa inang'aa, na stika ya ubora ilikuwa imebandikwa. Sikuweza kuirudisha. Nikakaa miezi miwili bila kupanda nikikusanya fedha za kofia halali, na sijutii hata siku moja ya miezi hiyo. Tafiti zilizowahi kukusanywa pamoja zinaonyesha kofia hupunguza uwezekano wa kufa katika ajali ya pikipiki kwa karibu asilimia 42, na majeraha ya kichwa kwa karibu asilimia 69. Plastiki yenye sponji haimo katika hesabu hiyo.

Pikipiki yenyewe iko mikononi mwa fundi kijana wa mtaani kwetu. Siku ya kwanza alipiga matairi teke la furaha.

"Mama, matairi haya bado mazima. Kashata zote zipo." Alimaanisha meno ya tairi.

Nikachuchumaa nikamwonyesha ubavuni. Kuna tarakimu nne zilizozungushiwa kiduara kirefu: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Langu la nyuma lilisomeka 1416, yaani wiki ya 14 ya mwaka 2016. Nikamwambia abonyeze kwa ukucha. Ukucha haukuacha alama; mpira ulikuwa mgumu kama soli ya kiatu cha zamani.

"Hili limezeeka likiwa limekaa, mwanangu. Mvua ikinyesha halitashika."

Akanyamaza, akaenda kukagua matairi ya pikipiki zote zilizokuwa pale gereji, moja baada ya nyingine. Tumekuwa marafiki tangu hapo. Yeye amenifundisha kutoa tairi la nyuma na kubadilisha tyubu mwenyewe, na nimefanya hivyo mara tatu uani kwangu, mara ya mwisho gizani kwa tochi. Nabeba tyubu mbili, pampu, plagi, waya wa klachi, linki ya cheni na spana zinazolingana na nati zangu, basi. Boda boda wako kila kijiji njiani na wanajua kutengeneza kuliko mimi.

Sasa ratiba. Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi. Nilialikwa kujiunga na msafara wa pikipiki tisa, vijana wazuri wenye mashine kubwa, wanaokwenda Mbeya kwa siku moja. Nilishukuru, nikakataa. Katika msafara kila mtu anaishia kwenda mwendo wa yule wa mbele, na wa nyuma kabisa ndiye anayelazimika kukimbia zaidi ili awafikie, naye mara nyingi ndiye mgeni au mchovu. Pili, kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Basi linafanya hivyo kwa siku kwa sababu abiria amelala. Mtu mwenye usukani, jua la Chalinze kichwani na upepo wa malori kifuani, saa nane baadaye anakuwa anaona bila kutambua anachokiona. Na hapo ndipo giza linapoingia. Nimewasikia wakijisifu kwa saa walizotumia. Naomba wafike salama, na ninasema wazi kwamba wanakosea.

Mimi natumia siku nne.

Siku ya kwanza Morogoro tu, takriban kilomita 190. Najua ni kidogo. Lakini kipande cha Kibaha hadi Chalinze kina malori ya Zambia, Malawi na Kongo yote kwa pamoja, na ndicho kitakachonichosha kichwa. Zaidi ya hapo, kulala Morogoro kunaniwezesha kuifikia Mikumi jua likiwa limepanda. Barabara kuu inaikata hifadhi kwa takriban kilomita 50, na tembo, twiga na nyati wanavuka pale wanapotaka. Alfajiri na jioni ndiyo saa zao za kutembea. Nitapita saa nne asubuhi, taratibu, bila kusimama kupiga picha. Juu ya pikipiki hakuna mlango wa kufunga.

Siku ya pili inaishia Iringa, na katikati yake kuna mlima Kitonga. Kabla ya hapo ni bonde la mibuyu, joto kali, na Ruaha Mbuyuni wamepanga vitunguu vyekundu pembeni mwa barabara. Kisha mlima unaanza: kona juu ya kona, malori yaliyopakia yakipanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, na yanayoshuka yakinuka breki. Hapa injini ndogo inasema ukweli. Kadiri unavyopanda, hewa inapungua, na injini ya kabureta inapoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Iringa mjini uko juu ya mita 1,500, Makete juu ya 2,000. Nguvu niliyonayo Mapinga kulipita lori sitakuwa nayo Kitonga. Kwa hiyo nimeamua kabla sijaondoka: Kitonga silipiti gari lolote. Nitakaa nyuma ya lori, mbali na moshi wake, hata kama ni kwa saa nzima. Uamuzi wa namna hiyo ufanye mezani na kikombe cha chai, kwa sababu ukiuacha hadi mlimani, hasira ndiyo itakayokuamulia.

Siku ya tatu ni Iringa hadi Njombe, kupitia Mafinga na Makambako. Malori ya magogo ya Sao Hill, upepo wa ubavuni, na baridi. Watu wa Dar es Salaam hatuichukulii baridi kwa uzito wake. Juu ya pikipiki upepo unaivuta baridi mpaka kwenye mifupa, vidole vinakuwa vizito, na kidole kizito kinachelewa kwenye breki. Ndiyo maana nimechagua Septemba na kuiacha Julai yenye ukungu. Hata hivyo nabeba glavu za sufu za kuvaa ndani ya zile za ngozi, na gazeti la kuweka kifuani chini ya koti, kama tulivyofanya zamani. Nikisikia "kamwene" ya kwanza, salamu ya huko, nitajua nimekaribia.

Siku ya nne nimeiacha wazi kwa makusudi. Kilomita 107 tu, kupitia Ikonda na Tandala, na nataka nisimame kila ninapopakumbuka.

Katika siku zote nne kanuni ni mbili. Nasimama kila baada ya saa moja na nusu, nashuka, nakunywa maji, hata kama najisikia mzima. Na saa 10 jioni pikipiki inakuwa imefungwa mahali pa kulala. Ikitokea pancha ikanila muda wa saa tatu, nalala nilipo. Ndiyo sababu sijamwahidi mtu yeyote Makete siku ya kufika. Ahadi ya siku ndiyo inayomtuma mtu mzima kuendesha usiku.

Binti yangu alianza kwa kuniambia, "Mama, panda basi, ukodi pikipiki huko huko." Aliogopa, na ana haki ya kuogopa, hospitali zetu anazijua, wodi za mifupa zimejaa watu wa pikipiki. Sikubishana naye. Nilimchukua Jumapili moja akakae kwenye ukingo wa barabara karibu na matofali. Alihesabu mara zote 20 bila kusema neno. Jioni yake aliomba ratiba, akaibandika kwenye mlango wa friji, akaongeza kwa kalamu nyekundu mstari wake mwenyewe: "Simu kila kituo, hata kama ni beep."

Tatizo moja limebaki. Injini ya silinda moja inatetemesha, na baada ya kama kilomita 120 vidole viwili vya mkono wangu wa kulia vinakufa ganzi, vile vile ninavyovihitaji kwenye breki. Nimebadilisha mpira wa mpini, nimejifunza kulegeza mkono, na fundi ameinua usukani kidogo. Jumamosi naenda Morogoro, nalala, narudi Jumapili. Vidole vikifika salama, tarehe ya Septemba inabaki. Vikifa ganzi, naisogeza mpaka Oktoba na naendelea na matofali.