Chumba Kumi kwa Kumi, TV Nchi 65

Tuanze na neno lenyewe, maana ugonjwa ulianzia hapo. Pita Kariakoo, ingia Instagram, kila tangazo linasema "TV nchi 55 ipo, nchi 65 ipo". Jamani, nchi ni Burundi. TV ina inchi. Sasa mtu kanunua nchi nzima, kaipeleka Mbagala kwenye chumba cha kumi kwa kumi, halafu anashangaa mlango haufunguki wote.

Na hizo inchi zenyewe, wengi hawajui zinapimwa wapi. Si upana. Ni kona ya chini hadi kona ya juu ya upande wa pili, kioo tu bila fremu, na inchi moja ni sentimita 2.54. Ya 43 ina upana wa sentimita 95 na kimo 54. Ya 55 ni 122 kwa 69. Ya 65 ni 144 kwa 81. Nenda dukani na tepu ya fundi. Muuzaji atanuna, mwache anune. Ya 32 inatakiwa isome kama sentimita 80 hivi kona kwa kona. Ikisoma 74, hiyo 32 ni jina la utani.

Haya, chumbani. Futi kumi ni mita 3 na sentimita 5, tena ukutani hadi ukutani, kabla hujaingiza hata kigoda. Mtu akiegemea kochi, macho yake yako kama sentimita 55 kutoka ukuta wa nyuma. Mbele, kioo kikiwa juu ya meza kinakula kama 35. Umebaki na mita 2 na sentimita 15, na humo ndani kuna stuli, ndoo ya maji ya kunywa, na watoto wa jirani waliokuja kuangalia katuni. Huo ndio umbali wako wa kweli, na hakuna aliyeupima. Kilichopimwa ni TV ya shemeji.

Kosa kubwa zaidi ni kusahau kinachoingia kwenye hiyo TV. Mitambo ya analojia ilipozimwa Dar mwisho wa mwaka 2012, watu walijua sasa picha zote zitang'aa. Wapi! Chaneli isiyo ya HD, yaani isiyo na picha ya ubora wa juu, inakuja na nukta 720 kwa 576. Kioo cha 4K kina nukta 3840 kwa 2160. Gawanya mwenyewe: kila nukta moja ya king'amuzi inatandazwa juu ya nukta 20 za kioo. Ni donge moja la chapati linasukumwa litoshe wageni 20. Ndiyo maana kwenye ya 65 Simba na Yanga wanacheza wakiwa hawana nyuso, na mpira una manyoya.

Hesabu ya kukaa ni nyepesi, haihitaji fundi. Picha isiyo ya HD, kaa mbali mara sita ya kimo cha kioo. Picha ya HD, mara tatu. Kwa ya 65 na king'amuzi cha kawaida, sentimita 81 mara sita ni karibu mita 4.9. Chumba kina mita 3. Maana yake utoboe ukuta, kochi likae kwa mpangaji mwenzio, na umeme mchangie. Ya 32 inataka mita 2.4, imekukaribia kabisa. Ya 43 inataka mita 1.6 ikiwa HD na 3.2 ikiwa siyo, kwa hiyo iko katikati, haikuaibishi huku wala kule. Kumi kwa kumi ni 43, mimi nimeshasema. Anayeangalia HD na intaneti peke yake achukue 50. Ya 55 ni mwisho wa reli, Kigoma hiyo, mbele ni ziwa.

Halafu kuna miguu. TV za siku hizi nyingi hazina kitako cha katikati, zina miguu miwili pembeni kabisa. Ya 55 miguu inaweza kuachana mita nzima na ushee, na meza iliyorithiwa enzi za chogo, zile TV nene za zamani, ina sentimita 80. Suluhisho la Mtanzania ni chaga ya kitanda juu ya meza, TV juu ya chaga, na kila lori likipita barabarani mtangazaji wa habari anaitikia kwa kichwa. Pima miguu, siyo kioo peke yake.

Wengine hukimbilia ukutani. Fundi akifika anaipandisha hadi chini ya dari, kama baa. Baa wanaiweka juu ili chupa zisiifikie! Nyumbani, macho ya aliyekaa yako sentimita 100 hadi 110 kutoka sakafuni, na katikati ya kioo pakae hapo hapo. Kwa ya 55, ukingo wa chini unakuwa kama sentimita 70 kutoka chini. Zaidi ya hapo, andaa dawa ya shingo. Na fisha, kile kiplastiki kinachoshika skrubu ukutani, isiishie kwenye plasta, maana plasta ya sentimita 2 haibebi kitu, inamomonyoka. Tundu la milimita 10, lenye kina cha sentimita 6 au 7, lishike tofali lenyewe. Bolti za nyuma nazo ziwe za urefu wake. Ndefu ukiilazimisha inaingia hadi kugusa vya ndani, na TV inakufa kabla haijatundikwa.

Umeme sitasema sana. Ya 65 ikila wati 150, saa sita kwa siku, ni uniti 27 kwa mwezi. LUKU ikipiga kelele usimsingizie mpangaji mwenye pasi.

Ila la usafiri linaniuma. Kioo kinasafiri kimesimama. Boksi la 65 lina urefu wa mita 1.6 hivi, bajaji haliingii likisimama vizuri, basi dereva analilaza, mwenye TV anaweka kiwiko juu, na mashimo ya barabarani yanamalizia kazi. Ukifika unawasha, sauti inakuja, picha ni mistari ya rangi. Bei ya paneli mpya inakaribia ya TV nyingine. Chukua kirikuu, lifunge wima.

Na boksi usilitupe, litahitajika kodi ikiisha. Liweke uvunguni, pale penye mabegi, jiko la mkaa, na boksi la ile chogo.