Matokeo ya leseni jamani, tupeni hata tarehe

Hii kungoja matokeo ya mtihani wa leseni ya unesi inachosha kuliko mtihani wenyewe, wallahi. Hapa Lamu kila nikipita Mkunguni kuna mama atanishika mkono, "Mwanangu, ushakuwa nesi?" na sina la kumwambia maana hata tarehe hatujapewa. Kinachoniuma ni hiki, Kenya sheria ya wauguzi, Sura ya 257, hairuhusu ufanye kazi bila leseni, kwa hivyo yunifomu ishapigwa pasi, nafasi za kaunti zinatangazwa zinafungwa na mimi naangalia tu. Usiku nafungua tovuti kwa simu, bando lenyewe la kukopa, kiduara kinazunguka weee halafu inaniambia niingie upya! Wanaofanya NCLEX, ule mtihani wa leseni ya unesi wa Marekani, majimbo mengi unalipa kidogo unaona matokeo yasiyo rasmi baada ya siku 2 za kazi. Sisi sisemi siku 2, lakini meseji moja tu ya kusema ni lini, hiyo nayo ni ngumu? Baba aliuza injini ya boti nikalipiwa karo, kila akirudi swala ya alfajiri ananiuliza, nimjibu nini?