Mwanafunzi tunayemfundisha kunawa mikono afundishwe pia kudai maji

Kwenye ukuta wa vyoo vya shule nyingi za sekondari kuna bango la hatua za kunawa mikono. Lina michoro mizuri: viganja, katikati ya vidole, chini ya kucha, mpaka kwenye kifundo cha mkono. Chini ya bango kuna koki. Ukiifungua inakoroma kidogo, kisha basi. Sabuni hakuna, na muhula uliopita pia haikuwepo. Anayesimama hapo ni mwanafunzi aliyefaulu biolojia, anayeweza kukuchorea njia ambayo vimelea vya kipindupindu na homa ya matumbo hupita kutoka kwenye kinyesi hadi mdomoni. Afanye nini na koki kavu, hilo hakuna aliyewahi kumwambia.

Hapo ndipo naona elimu ya afya kwa vijana imekwama. Tunawapa amri: nawa, usivute sigara, maliza dozi, chanjwa. Amri zenyewe ni sahihi, sina ugomvi nazo. Lakini kijana wa miaka 16 au 17, ambaye muda si mrefu atapiga kura, anastahili kujua amri hizo zilipatikanaje, nani ana wajibu wa kuzifanya zitekelezeke, na yeye ashike njia gani mwenye wajibu akizembea. Tumeweka afya kwenye kitabu kimoja na uraia kwenye kingine, vipindi tofauti, walimu tofauti. Kwangu mimi hilo ni somo moja.

Chukua kisa cha London mwaka 1854. Mwishoni mwa Agosti kipindupindu kililipuka mtaa wa Soho na kuua watu zaidi ya 600 kwa wiki chache. Wakati huo wengi, wakiwemo wataalamu, waliamini kuwa ugonjwa unaenezwa na hewa yenye uvundo. Daktari John Snow alishuku maji. Alichukua orodha ya waliokufa, akaenda nyumba kwa nyumba akiuliza swali moja: mlikuwa mnachota maji wapi? Vifo vilijikusanya kuizunguka pampu ya Broad Street.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi alivyowafuatilia wale ambao hesabu yao haikukaa sawa. Karibu kabisa na pampu kulikuwa na kiwanda cha bia, na wafanyakazi wake walinusurika. Walikuwa na kisima chao, tena walipewa bia ya kunywa. Kulikuwa pia na nyumba ya kulea maskini iliyojaa watu, na waliokufa humo walikuwa wachache mno; nao walikuwa na kisima chao. Halafu kuna mjane mmoja aliyekuwa akiishi mbali, Hampstead, ambako kipindupindu hakikuwepo, naye akafa. Snow alipouliza, aliambiwa kwamba mama huyo alipenda ladha ya maji ya Broad Street, hivyo aliletewa chupa yake mara kwa mara. Septemba 8 mpini wa pampu ukaondolewa. Snow mwenyewe alikiri kwamba kufikia siku hiyo ugonjwa ulikuwa umeshaanza kupungua, na uaminifu huo nao ni sehemu ya somo.

Mtu wa pili katika kisa hiki husahaulika: kasisi kijana wa mtaa huo, Henry Whitehead. Alianza uchunguzi wake akiamini Snow amekosea, akadhamiria kumpinga. Alizunguka kwa waumini wake, akarudi tena na tena kwa familia zilezile, na ushahidi ukambadilisha. Ndiye aliyegundua kwamba maji yaliyofulia nepi za mtoto mchanga aliyekuwa akiharisha yalimwagwa kwenye shimo la maji taka lililokuwa karibu na kisima cha pampu. Kijana akimjua Whitehead, atajua kwamba mtu anaweza kubadili msimamo na asipungukiwe kitu.

Kazi ya hawa wawili mtaani ilihitaji miguu, daftari na subira ya kuuliza. Mwanafunzi wa sekondari anavyo vyote vitatu.

Basi darasa lipewe kazi ya kweli. Wahesabu matundu ya vyoo na idadi ya wanafunzi wanaoyatumia. Kwa wiki mbili waandike kila asubuhi na kila mchana koki zipi zinatoa maji. Waulize, bila kuandika majina, ni wanafunzi wangapi waliugua tumbo mwezi huo, na wangapi walikosa masomo kwa sababu ya hedhi. Hili la mwisho lisiachiwe wasichana peke yao. Mvulana anayeshiriki kuandaa dodoso na kukusanya karatasi zilizokunjwa ndani ya boksi atajifunza kuwa choo kisicho na mlango unaofungika, maji, wala chombo cha kutupia taulo za kike ni kasoro ya jengo inayomfukuza mwenzake darasani. Nimeona watu wazima wakilipita jambo hili kwa kucheka kidogo na kubadilisha mada. Vijana wasirithi kicheko hicho.

Nasisitiza sana hilo la majina. Takwimu za afya ni za watu, na shule ni mahali ambapo siri huvuja kabla ya mapumziko ya saa nne. Mwanafunzi akijulikana ana kifua kikuu au anatumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, unyanyapaa unaweza kumfanya aache dawa kabisa. Kutunza siri ya mwenzako ni uraia, na hufundishwa kwa vitendo.

Matokeo yakishapatikana, yaandikwe barua yenye jedwali na ombi moja lililo wazi, ipelekwe kwa uongozi wa shule, na nakala kwa bodi. Waulize nani anahusika na ukarabati na lini utafanyika. Waseme pia wao watachangia nini, kama vile zamu za kujaza ndoo na kutoharibu kilichotengenezwa. Mwezi ukiisha wahesabu upya, waone kama kuna kilichobadilika.

Kwenye chanjo nako tumezoea kukemea tu. Kijana akisema anaogopa, anaambiwa ni mjinga. Ali Maow Maalin alikuwa mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia. Oktoba 1977 alipanda gari lililobeba watoto wawili wagonjwa wa ndui ili amwonyeshe dereva njia, safari ya dakika chache tu, naye akaambukizwa. Baadaye alieleza kwamba alikuwa ameikwepa chanjo kwa sababu ilionekana inauma. Alipona, na kumbukumbu zinamtaja kuwa mtu wa mwisho kuugua ndui kwa maambukizi ya kawaida. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ugonjwa huo umetokomezwa. Miaka mingi baadaye Maalin alijiunga na kampeni ya polio, akizunguka kwa wazazi na kuwasimulia kisa chake mwenyewe. Alifariki mwaka 2013 kwa malaria akiwa bado kwenye kazi hiyo. Naamini wazazi walimsikiliza kwa sababu hakuwadharau. Woga wao aliujua.

Baada ya kusikilizwa, kijana apewe hesabu. Mgonjwa mmoja wa surua kati ya watu wasio na kinga anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18. Ndiyo maana inatakiwa takriban asilimia 95 ya watu wawe wamechanjwa ili ugonjwa ukose pa kupita, na ndiyo maana chanjo yako humkinga pia mtoto mchanga ambaye hajafikia umri wa kuchanjwa. Hilo ni jambo la kuwajibika kwa mtu usiyemjua, na vijana hulielewa haraka kuliko tunavyodhani.

Uvumi kwenye simu nao uingie humu humu. Ujumbe unaodai dawa fulani inatibu kila kitu, uliotumwa mara nyingi na usio na mwandishi, uhojiwe kama Snow alivyohoji: nani kaona, wangapi, wakilinganishwa na nani, na nani ananufaika nikiamini? Kijana akizoea kuuliza hivyo, hata tangazo la sigara ya kielektroniki lenye rangi za peremende litapata shida kumnasa.

Najua pingamizi la walimu wengi. Muda hautoshi, mtihani unakaribia, na ukiwapa wanafunzi nafasi ya kukosoa shule utavuna migomo. La muda nalikubali, si la mzaha. La migomo silikubali hata kidogo. Wanafunzi hugoma pale ambapo malalamiko hayana mlango wa kupitia. Barua yenye jedwali ni mlango. Na haki hii hatukuibuni sisi: Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978, la kimataifa kuhusu huduma ya msingi ya afya, linasema watu wana haki na wajibu wa kushiriki, mmoja mmoja na kwa pamoja, katika kupanga na kutekeleza huduma zao za afya. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unampa mtoto haki ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu, na maoni hayo yazingatiwe kulingana na umri na ukomavu wake.

Kuhusu muda, pendekezo langu ni dogo. Kila mwaka wanafunzi huandikishwa insha ya umuhimu wa usafi, na kila mwaka wanarudisha aya zilezile walizokariri tangu msingi. Iondolewe. Mahali pake iwekwe ripoti ya uchunguzi wa afya shuleni, isahihishwe na mwalimu wa biolojia pamoja na wa uraia, ihesabiwe kwenye alama za muhula, na uongozi wa shule uwajibike kuijibu kwa maandishi kabla ya likizo.