Udongo wenyewe nao unachimbwa

Nimesoma hii habari ya sanamu za kauri zinazoongelea maji na migodi, nzuri sana, ila mwandishi kapitiwa na kitu kimoja jamani, udongo wenyewe nao unachimbwa! Mi nafinyanga, na kaolini, ule udongo mweupe wa kutengenezea kauri, hata ukiianika juani wiki nzima bado imebeba maji ndani yake, kama asilimia 14 ya uzito, hayatoki mpaka tanuri lifike nyuzi 500 na kitu, na yakishatoka ndo basi, hata uuloweke mwaka mzima haurudi tena kuwa tope. Kwa hiyo msanii akisema kuna maji yakiondoka hayarudi mi namwelewa kabisa. Halafu bluu iliyokolea kama ile ya kwenye picha za hizo sanamu mara nyingi ni kobalti, nayo ni madini ya kuchimbwa, na kobalti nyingi ya dunia hii inatoka Kongo.

Ile sanamu yenye ufa, tope limemwagika chini, ndo imenishika. Nimekumbuka Brumadinho kule Brazil, Januari 2019, bwawa la taka za mgodi lilipopasuka, tope likafika mpaka mto Paraopeba, watu 270 wakafa. Wangetuambia basi udongo wa hizi kazi umetoka shimo gani.