Tisheti ya punda: elfu 15 au elfu 30?

Kuna washkaji hapa Dodoma wanataka kuprinti tisheti wachangishe hela ya kutibu punda, vidonda vya mgongoni, kwato, dawa za minyoo, vitu hivyo, na wiki ya pili sasa wamekwama kwenye bei tu. Nusu yao wanataka elfu 15 ili kila mtu avae, nusu wanataka elfu 30 maana hii ni sadaka bana, sio duka. Nimekaa na hesabu zao na kwa kweli kila upande una pointi, ila sio ile wanayoipigia kelele.

Wa elfu 15 wanasema mtu wa Dodoma anaenda soko la Sabasaba anachambua mtumba anatoka na tisheti safi kwa elfu 4, sasa umwambie 30 kwa ajili ya punda, punda ambao kila siku anawaona wanavuta maji na kuni na wala haoni kama wanaumwa, atakucheka tu. Na wana jingine zito zaidi, kwamba tisheti inatembea. Ikivaliwa Jumamosi mnadani Msalato inaongea na wenye punda wenyewe, na wengi hata hawajui kwamba kuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, au kwamba 2022 serikali ilipiga marufuku kuchinja punda baada ya ngozi zao kugeuka dili la kwenda China kutengeneza ejiao, dawa ya asili ya Kichina. Moja ya machinjio hayo ilikuwa hapa hapa Dodoma, halafu kuna watu wa mjini wanakuuliza kwani punda ana shida gani.

Sasa hesabu. Tuseme tisheti ya pamba pamoja na kuprinti inawasimamia elfu 12, na wanaprinti 60, yaani laki 7 na elfu 20 imetoka mfukoni kabla hata ya kuuza moja. Kwa elfu 15 inabidi wauze 48 ndo warudishe hela yao tu, punda bado hajapata hata mia. Kila inayobaki kabatini inameza faida ya nne zilizouzwa. Na zitabaki, nani kakwambia hazitabaki, zile saizi S huwa zinakaa mpaka zinafanywa madekio. Kwa elfu 30 wakiuza 24 hela imerudi, na kuanzia ya 25 kila tisheti ni matibabu. Hapo ndo watu wengi wanajichanganya, wanadhani bei ndogo ndo salama kumbe kwa mzigo mdogo kama huu ndo yenye hatari.

Lakini hao wa 30 nao wamesahau wako wapi. Mteja wao ni nani? Mtumishi wa kule Mtumba (mji wa serikali, sio mtumba wa nguo) anaweza kutoa, ila tarehe 27, sio tarehe 14. Mwanafunzi wa UDOM hatoi. Na hata huyo anayetoa, anatoa mara moja kwa kuwaonea haya, mwakani ukimletea kofia anakukwepa. Bei ikiwa juu sana unakuwa umemchangisha mtu bila kumwambia, na watu wetu mchango hawaukatai, kwenye harusi wanachanga kila mwezi, ila wanapenda wajue kwamba huu ni mchango na ile ni bidhaa.

Halafu kuna "mwisho ngapi?" Hii hakuna aliyeiweka kwenye hesabu. Ukisema 15 mtu anakwambia chukua 13, umebaki na buku moja ya punda. Ukisema 30 ataanza na 15, na wewe kwa aibu utashukia 20.

Mi ningeweka 20 na isishuke. Wekundu wawili, hakuna kutafuta chenji, na kwenye lebo iandikwe elfu 8 inaenda kwa punda, ili anayeomba kupunguziwa aone anampunguzia nani. Najua kuna mjanja atasema basi niuzie kwa hiyo 12, na atakuwepo kweli, huyo muuzie stika. Na anayetaka kutoa 30 au laki asinunue tisheti tano za kugawa, apewe lipa namba atume, hela yote iende kwenye dawa bila kupitia kwa mprintaji.

Hizo stika ndo zimedharauliwa kabisa kwenye mjadala wao. Ikiwasimamia mia 3 na ukaiuza buku, stika 10 zinakupa elfu 7, karibu faida ya hiyo tisheti ya elfu 20, na stika haina saizi S. Bodaboda anabandika, mama wa genge anabandika, hata mwenye mkokoteni anabandika, yule ambaye tisheti hainunui kwa bei yoyote kati ya hizo mbili na ndiye mwenye punda.

Tisheti zenyewe waprinti kwa oda, nusu hela mkononi kwanza. Wale wa "niwekee moja nitachukua" walikuwa 40 mpaka jana, waliotoa advansi ni 11, mi ningeprinti 15.